Jinsi ya kuchukua chapa ya uso wa jani na kuitazama kwa hadubini ukiwa nyumbani

Ukiliweka jani zima chini ya hadubini, mara nyingi huambulii zaidi ya giza la kijani. Jani ni nene, mwanga haupenyi vizuri, na tabaka za seli zimelaliana hata jicho halijui lishike ipi. Njia rahisi ya kuepuka hilo ni kuliacha jani lenyewe na kuchukua sura yake. Unapaka kimiminika kinachokauka na kuwa utando mwembamba, unaubandua, na utando huo unatoka na alama ya kila kilichokuwa juu ya jani: mipaka ya seli, mashina ya vinyweleo, mikunjo midogo ya ngozi, na hasa stomata, yaani vile vitundu ambavyo mmea hupitishia hewa na mvuke wa maji. Rangi ya kucha ya kawaida inatosha kwa kazi hii yote.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo kwa sababu ndilo linaloamua matokeo: chapa nzuri hutengenezwa kwenye jani, si kwenye hadubini. Wengi hupaka haraka, hubandua kabla utando haujakauka, kisha hukaa muda mrefu wakilenga na kulenga upya, wakitafuta kitu ambacho hakikuchapika. Hadubini ya kawaida ya mwanafunzi iliyowekewa chapa safi itakuonyesha mengi kuliko hadubini ya maabara iliyowekewa chapa mbovu.

Vifaa

Hadubini inayofaa ni ile inayomulika kutoka chini na inayoweza kukuza mara 100 hadi 400. Stomata za mimea mingi zina urefu wa takriban mikromita 20 hadi 40, na mikromita 1 ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Kwa hiyo ukikuza mara 100 utaziona kama vidoa vidogo vyenye umbo, na ukikuza mara 400 utaona seli mbili zinazozilinda pamoja na upenyo ulio katikati yake. Hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140 hivi, na hiyo inatosha kuziona kwenye majani yenye stomata kubwa. Zile hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta zenye taa ya juu sizipendekezi kwa kazi hii. Utando angavu ukimulikwa kutoka juu hurudisha mng'aro mtupu.

Rangi ya kucha iwe angavu kabisa, ile inayoonekana kama maji, isiyo na vimeremeta, na iwe ya kukauka yenyewe hewani. Rangi ya jeli inayohitaji taa maalumu haitakauka juu ya jani hata ukiisubiri kutwa. Rangi ya kawaida huwa ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyoyeyuka upesi hewani, kama vile ethili asetati na butili asetati. Ikiwa bado majimaji huingia kwenye kila kijishimo cha ngozi ya jani, na vimiminika vile vikishatoweka, nitroselulosi hubaki imeshika umbo la mahali ilipokaa. Ndiyo maana chupa ya zamani iliyokwisha kuwa nzito haifai: haijipenyezi, na brashi huacha mistari ambayo baadaye utaiona kwenye hadubini na kudhani ni ya jani.

Vingine ni slaidi za kioo, vioo vyembamba vya kufunikia, kibano chenye ncha nyembamba, selotepu angavu, mkasi mdogo, pini, kitambaa laini, na kalamu ya wino usiofutika. Tenga mahali penye hewa. Mvuke wa rangi ya kucha hushika moto haraka na huumiza kichwa kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo fungua dirisha na usifanye kazi hii karibu na jiko wala mshumaa. Mtoto akitaka kujaribu, mtu mzima awe naye.

Kuchagua jani

Hapa usiwe na haraka. Jani la kuanzia liwe laini kwa kugusa, lisilo na manyoya, lililokomaa lakini halijazeeka, na lenye unene wa kutosha kuvumilia kuvutwa. Tradescantia, mmea wa mapambo unaopandwa kwenye chungu, hasa ile yenye majani ya zambarau upande wa chini, ni mwalimu mzuri mno kwa anayeanza: stomata zake ni kubwa, zimetengana vizuri, na utando hubanduka bila kelele. Kalanchoe, mmea wa mapambo wenye majani manene, nayo inafaa. Jani changa la mmea wowote huchanika ovyo, na seli zake bado zinaendelea kugawanyika, hivyo picha huwa ya mchanganyiko usioeleweka.

Majani yenye manyoya mengi yaache kwanza. Rangi huyazunguka manyoya, ikikauka inayakamata, na unapobandua ama utando unararuka ama unang'oka na manyoya yote. Majani yenye unga mweupe wa nta, yale ambayo tone la maji huviringika juu yake na kuanguka, nayo ni magumu, maana rangi hukaa juu ya nta badala ya kuifikia ngozi. Mshubiri na misonobari ina stomata zilizozama chini ya usawa wa ngozi, kwa hiyo chapa huonyesha shimo tu bila seli zilizo ndani. Oleanda ni mgumu zaidi: stomata zake zimejificha ndani ya vishimo vilivyojaa vinyweleo upande wa chini wa jani, na rangi ya kucha haifiki huko kabisa.

Halafu kuna suala la upande. Miti mingi, kama mwembe, mchungwa na mtofaa, ina stomata upande wa chini wa jani peke yake. Alizeti, maharage na mahindi ina pande zote mbili, ingawa chini huwa nyingi zaidi. Yungiyungi la maji, ambalo jani lake huelea, lina stomata upande wa juu tu, kwa kuwa upande wa chini umelala kwenye maji. Kama hujui mmea wako uko kundi gani, chukua chapa za pande zote mbili. Anayepaka upande wa juu wa jani la mwembe na kukosa stomata hajakosea hatua yoyote. Amechapa upande usio nazo.

Kusafisha na kupaka

Lifute jani kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo, kisha likaushe kwa kitambaa kikavu na uliache dakika chache. Vumbi lote utakaloacha litaonekana kama mawe. Unyevu nao una madhara yake: rangi ya kucha inayokauka penye maji hugeuka maziwa, ikapoteza uangavu, na hakuna namna ya kuirudisha. Siku ya mvua na unyevunyevu mwingi hewani unaweza kuona jambo hilo hata kwenye jani kavu. Ahirisha.

Usiitikise chupa, kwa kuwa mtikiso huingiza mapovu. Iviringishe polepole kati ya viganja. Chagua sehemu iliyo kati ya mishipa mikubwa, mbali na mshipa wa katikati, kwa sababu mshipa huinua utando na kuufanya usilale sawa kwenye kioo. Kisha paka mraba wa takriban sentimita 1 kwa mpako mmoja au miwili ya brashi, ukielekea upande mmoja. Usirudierudie kusugua mahali pamoja. Rangi iliyoanza kushika ikiguswa tena inajikunja, na mikunjo hiyo itachapika.

Unene ndio fundi wa kazi hii. Utando mwembamba mno huchanika vipande vipande. Mnene mno hukauka juu na kubaki laini ndani, na ukiuvuta hunyooka na kupotosha maumbo ya seli. Kipimo changu ni hiki: ukiinamisha jani kwenye mwanga, rangi iliyopakwa ifunike uso wote kwa mng'aro mmoja, lakini isitiririke wala kukusanya tone ukingoni. Kama rangi yako ni nyepesi sana, paka safu ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka kabisa. Safu ya kwanza ndiyo yenye chapa. Ya pili kazi yake ni kuipa nguvu.

Si lazima kulichuma jani. Unaweza kupaka likiwa bado kwenye mmea, na kwa majaribio ya kufunguka na kufunga kwa stomata, ambayo nitayaeleza chini, hiyo ndiyo njia sahihi, kwani jani lililochumwa huanza kupoteza maji na stomata zake hubadilika.

Kusubiri

Ipe rangi dakika 10 hadi 15, na zaidi kama hewa ni ya baridi au ya unyevu. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina mvuke wa maji. Usikaushe kwa joto pia, kwa kuwa jani litanyauka chini ya utando na kuuacha mapema. Ili kujua kama imekauka, gusa ukingo wa rangi kwa ncha ya pini. Ikiacha kovu, bado. Ikiteleza tu juu yake, tayari.

Kubandua

Kuna njia mbili, na mimi naegemea ya kibano.

Ya kibano ni hii. Likunje jani kidogo kuuzunguka ukingo wa kidole chako, mahali rangi inapoishia, mpaka uone ukingo wa utando ukiinuka wenyewe. Wakati mwingine utasikia mlio mdogo mkavu. Ukamate ukingo huo kwa kibano na uuvute kwa kuurudisha nyuma juu ya jani, karibu usawa wa jani lenyewe, badala ya kuuvuta kuelekea juu. Vuta polepole bila kusimama. Ukisimama katikati, mstari wa kusimama utabaki kwenye chapa. Ukiwa na utando mkononi, uugeuze chini ya taa na uutazame kwa makini. Upande mmoja unang'aa kama kucha iliyopakwa. Ule mwingine umefifia, una ukungu mwepesi, na mara nyingi unaonyesha mistari ya mishipa midogo. Huo uliofifia ndio uliolala juu ya jani, na ndio wenye chapa. Ukikuta pande zote mbili zinang'aa sawa, basi rangi haikugusa ngozi ya jani ipasavyo, na hakuna haja ya kuupeleka kwenye hadubini.

Njia ya selotepu ni nyepesi kwa watoto na kwa majani yanayochanika. Bandika kipande cha selotepu angavu juu ya rangi iliyokauka, kikandamize taratibu kwa kidole ili kisiwe na hewa, kisha inua selotepu na utando utakuja nayo. Ibandike moja kwa moja kwenye slaidi. Uzuri wake ni kwamba utando hukaa umenyooka. Ubaya wake ni kwamba sasa unatazama kupitia tabaka ya gundi na plastiki, na ukifika ukuzaji wa mara 400 picha hupoteza makali yake. Kwa mara 100 tofauti haisumbui.

Vyovyote utakavyobandua, chunguza kama kuna vipande vya kijani vilivyong'oka na utando. Hizo ni tishu za jani lenyewe. Si kitu kibaya, lakini usichanganye: palipo na kijani unatazama seli halisi, na pasipo na kijani unatazama umbo lao tu.

Kuweka kwenye slaidi

Kata kipande kidogo kilichonyooka zaidi, chenye upana wa milimita 5 hivi. Kiweke kwenye slaidi kavu, upande uliofifia ukielekea juu, kisha ukifunike kwa kioo chembamba. Usiongeze maji. Wengi wamezoea kuweka tone la maji kwenye kila kielelezo, na kwa kitunguu au tishu nyingine mbichi wako sahihi, lakini hapa maji yanaharibu. Kinachokuwezesha kuona chapa ni tofauti ya jinsi mwanga unavyopinda ukitoka kwenye utando kwenda hewani. Nitroselulosi hupinda mwanga kwa kiasi kikubwa kuliko hewa, huku maji yakiwa yamekaribiana nayo zaidi. Ukijaza vijishimo kwa maji, tofauti hiyo inapungua na mistari ya seli inafifia.

Utando ukijikunja, bandika vipande vyembamba vya selotepu kwenye kingo mbili za kioo cha kufunikia ili vikikandamize. Kisha andika kwenye slaidi sasa hivi, kabla hujaitazama: jina la mmea, upande wa jani, tarehe na saa. Chapa zote zinafanana kwa macho, na baada ya slaidi nne hakuna atakayekumbuka ipi ni ya juu na ipi ni ya chini.

Kutazama

Anza na lenzi fupi kuliko zote. Tafuta kwanza ukingo wa utando, kwa sababu ni mstari mnene usioweza kukupita, na ukiupata unajua umelenga kimo sahihi. Kisha sogea ndani, upande hadi lenzi ya 10, yaani iliyoandikwa 10x, na baadaye ya 40. Ukifika kwenye lenzi ya 40 tumia gurudumu dogo la kulengea peke yake. Lile kubwa linaweza kuigonganisha lenzi na kioo.

Sasa punguza mwanga. Hii ndiyo siri inayosahauliwa kuliko zote katika kutazama chapa. Utando hauna rangi, hivyo mwanga mwingi unauzamisha wote. Funga kiwambo, yaani kile kizuizi cha mwanga kilicho chini ya jukwaa la kuwekea slaidi, hadi mipaka ya seli ianze kujitokeza kwa vivuli. Kama hadubini yako haina kiwambo cha kurekebisha, jaribu kuziba nusu ya mwanga kwa kipande cha karatasi nyeusi chini ya jukwaa. Mwanga ukija kutoka upande mmoja, mabonde na vilima vya chapa hupata kivuli, na picha iliyokuwa imekufa inaamka.

Utando haulali sawa kabisa, kwa hiyo zungusha gurudumu dogo mbele na nyuma muda wote unapotazama. Kumbuka pia kwamba unachokiona ni kinyume cha jani: palipokuwa na bonde sasa ni kilima.

Stomata huonekana kama midomo miwili iliyofumbuka kidogo. Kila mdomo ni seli linzi, yenye umbo la figo katika mimea mingi. Kwenye nyasi na nafaka, kama mahindi, seli linzi ni ndefu, nyembamba katikati na zimevimba ncha zote mbili, nazo zimejipanga kwa safu zilizonyooka pamoja na urefu wa jani. Seli nyingine za ngozi kwenye mimea yenye majani mapana, maharage kwa mfano, mara nyingi huwa na kuta za mawimbimawimbi zilizoingiliana, ilhali za nyasi ni mistatili mirefu. Tazama vilevile seli zinazozizunguka seli linzi. Tradescantia huwa na nne zilizojipanga kwa nidhamu, na jamii ya Kalanchoe huwa na tatu, moja ikiwa ndogo kuliko wenzake. Begonia nyingi zina stomata zilizokusanyika kwa makundi, na ukiziona mara ya kwanza utadhani umekosea kulenga.

Duara kamili lenye ukingo mweusi mzito si stomata. Ni povu la hewa. Mistari mirefu sambamba inayokatiza seli bila kufuata umbo lake ni alama ya brashi. Na ukiona ukungu wa vidoa vidogo kila mahali, rangi ilipata unyevu.

Kupiga picha kwa simu kunawezekana bila kifaa chochote. Weka kamera juu ya lenzi ya kuchungulia, anza sentimita 2 hivi kutoka kwenye kioo, kisha ishushe polepole hadi duara dogo la mwanga lipanuke na kujaza skrini. Gusa skrini mahali penye seli ili simu ilenge hapo. Kuegemeza vidole vya mkono mwingine kwenye mrija wa hadubini huondoa mtikisiko.

Rangi ya kucha ikigoma

Gundi nyeupe ya karatasi na mbao, ile inayokauka na kuwa angavu, hufanya kazi ileile bila harufu. Inachelewa, wakati mwingine saa 1 au zaidi, lakini ni salama kwa wadogo na utando wake una unyumbufu mzuri.

Supagluu ni ya haraka na huacha chapa ya kudumu. Weka tone dogo kwenye slaidi, lisambaze, kandamiza jani juu yake kwa dakika moja hivi, kisha ling'oe jani. Chapa inabaki imeganda kwenye kioo, imenyooka, haihitaji kubanduliwa. Inafaa hata kwa baadhi ya majani yenye nta. Tahadhari zake ni za kweli: hugandisha vidole mara moja, mvuke wake unawasha macho, na ikimwagika kwenye pamba au nguo ya pamba hutoa joto linaloweza kuunguza. Kwa hiyo usiifute kwa pamba, na usimpe mtoto.

Kwa majani yenye manyoya, watafiti hutumia silikoni ya madaktari wa meno: huikandamiza kwenye jani, wakaiondoa ikishashika, kisha wakapaka rangi ya kucha ndani ya silikoni hiyo. Utando wa mwisho unakuwa na umbo la jani lenyewe, si kinyume chake. Kama huna silikoni, unaweza kubandika na kubandua selotepu kwenye jani mara kadhaa ili kupunguza manyoya kabla ya kupaka, ukikubali kwamba utaona makovu ya yaliyong'oka.

Kuhesabu

Chapa ikitoka vizuri, usiishie kuitazama. Kwenye lenzi ya kuchungulia mara nyingi pameandikwa kitu kama 10x/18. Hiyo 18 ni namba ya upana wa uwanja wa kuonea. Igawe kwa ukuzaji wa lenzi ya chini na utapata kipenyo cha unachokiona kwa milimita: kwa lenzi ya 40, 18 gawanya kwa 40 ni milimita 0.45. Nusu kipenyo ni 0.225, na eneo la duara ni 3.14 × 0.225 × 0.225, yaani kama milimita za mraba 0.159. Ukihesabu stomata 24 ndani ya duara hilo, jani lina takriban 151 kwa kila milimita ya mraba. Namba hiyo isipoandikwa, weka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya 4, soma kipenyo chake kwa milimita, kisha kizidishe kwa 4 kupata namba yenyewe.

Stomata zilizokatwa na ukingo wa duara zihesabu kwa nusu moja ya duara tu, mfano upande wa kulia, na uziache za kushoto. Hesabu sehemu tano au zaidi za chapa, na chukua chapa za majani kadhaa, kwa sababu ncha ya jani na kitako chake hazilingani.

Jani linapopanuka, stomata husogea mbali na nyingine, hivyo idadi kwa milimita hushuka bila mmea kubadilika. Mwaka 1927 mtaalamu wa mimea E. J. Salisbury alipendekeza kipimo kisichoyumba sana kwa sababu hiyo: gawanya idadi ya stomata kwa jumla ya stomata na seli nyingine za ngozi, kisha zidisha kwa 100. Stomata 24 zikiwa pamoja na seli 136 ni 24 kwa 160, sawa na asilimia 15.

Namba hizi zina uzito. Mwaka 1987 mtaalamu mwingine wa mimea, F. I. Woodward, alilinganisha majani ya spishi nane za miti yaliyohifadhiwa katika kipindi cha miaka 200, akakuta idadi ya stomata kwa eneo imeshuka kwa asilimia 40 huku hewa ya ukaa ikiongezeka angani. Wewe unaweza kuanza na mti mmoja: chukua jani la juu linalopigwa na jua na jani la ndani kwenye kivuli, kisha hesabu. Kwa kawaida la juani huwa na stomata nyingi zaidi kwa eneo.

Zilizofunguka na zilizofumba

Seli linzi zikivuta potasiamu na maji huvimba, zikajipinda, na upenyo ukafunguka; zikipoteza maji hulegea na kufunga. Rangi ya kucha hukamata hali hiyo, ila si kwa uaminifu kamili. Inachukua muda kushika, na mara nyingine inachapa ukingo wa juu wa tundu badala ya upenyo wenyewe. Kwa hiyo tumia chapa kulinganisha hali mbili zilizopakwa kwa namna moja, si kupima upana wa upenyo mmoja mmoja.

Jaribio la kwanza: chukua mmea mmoja, paka jani moja asubuhi baada ya saa kadhaa za mwanga, na jingine baada ya mmea kukaa kwenye giza kwa muda kama huo. Hesabu zilizo wazi katika kila 50.

La pili ni kwa Kalanchoe, na linahitaji ukeshe kidogo. Mmea huu ni miongoni mwa ile inayofungua stomata usiku na kuzifunga mchana ili kuokoa maji. Upunguzie maji kwa siku kadhaa, maana uliolowa vizuri unaweza kuzifungua mchana pia. Kisha paka jani moja adhuhuri, na jingine saa nne au tano usiku ukitumia taa hafifu kadiri unavyoweza kuona, mmea ukiwa umekaa gizani tangu jua kuzama. Subiri ikauke humo humo gizani, ndipo uwashe taa na kubandua.